Kanda ya Harusi ya Mambrui Iliyosikika Maskati

Maskati,
Alhamisi jioni, mwezi wa Rajabu

Ndugu yangu Swaleh,

Kuna swali ambalo limenishughulisha tangu nilipokuwa mwanafunzi, na sasa limenirudia kwa nguvu: sauti ya mwanamke aliyeimba ndani, mbele ya wanawake wenzake na mlango umefungwa, ni ya nani baada ya wimbo kwisha? Naona nimelitanguliza mbele ya salamu, jambo ambalo marehemu mama asingelisamehe, basi nirudi nyuma. Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakufikia hapo Shella ya Malindi ukiwa mzima, wifi yangu Amina amepona mguu, na watoto hawajambo. Mimi mwili ni mzima. Wasichana wangu wa shule mwaka huu ni wengi kuliko madawati, na joto la huku bado sijalizoea. Ama moyo, una hasira, na hasira hiyo ni juu yako. Nimengoja siku tisa ndipo nikashika kalamu, nisije nikaandika neno la kujutia. Sina hakika kama siku tisa zimetosha.

Jumanne ya juma lililopita nilikwenda Matrah kununua unga wa mchele kwa Baba Nasoro, yule mzee mwenye duka niliyekwisha kukuandikia habari zake, mzaliwa wa Unguja. Kabla sijafika mlangoni nikasikia pembe za vugo, ngoma ile ya wanawake ya harusini, nikafurahi, nakiri hilo. Ndani walikuwako wanaume wanne wamesimama mbele ya redio ya kanda, wanacheka.

"Hii ya wapi?" nikamwuliza Baba Nasoro.

"Ya kwenu, mwalimu. Harusi ya Mambrui. Kijana mmoja kashuka nayo juzi. Msikilize huyo bibi anavyomfunda bi harusi, hana simile."

Mmoja wao akadakia, "Ningesomeshwa na huyu nisingetoroka chuoni."

"Wewe ungetoroka tu," akajibiwa. "Kichwa hicho hata Mwalimu Rukia hakiwezi."

Walilijua jina lake, Swaleh. Walilijua kwa sababu katika kanda wanawake wanampigia kelele, "Mwalimu Rukia, ongeza," naye anaongeza. Huyo ni shangazi yetu. Ndiye aliyetulea mama alipofariki. Hajapata kupaza sauti mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, na nusu ya wasichana wa Mambrui wamesoma alifu ya kwanza barazani kwake, katika chuo chake cha Kurani. Nikamwambia Baba Nasoro, "Huyo ni shangazi yangu." Akaitoa kanda, akaifunga katika karatasi ya sukari, akanikabidhi bila kunitazama usoni. Unga nilisahau kuuchukua.

Kesho yake nikakupigia simu dukani kwa jirani yako, maana mpiga muziki wa harusi za Mambrui ni wewe. Maneno yako ninayo kama ulivyoyasema, maana niliyaandika papo hapo.

"Dada, mimi sikusikia hata neno. Walinigongea mlango, nikatoka kama ilivyo desturi, nikaenda zangu kunywa kahawa."

"Na mashine?"

"Mashine hakuna aliyeiambia itoke."

Ukacheka. Pengine ulicheka kwa woga, nami nimejaribu kuamini hivyo. Lakini hebu tuitazame desturi hiyo unayojificha nyuma yake. Mpiga muziki wa harusi ya wanawake hukaa chumba cha uani. Nyaya zake hupita dirishani, spika na kipaza sauti huwa ndani kwa wanawake, na yeye haoni kitu. Vugo likikaribia, bibi mmoja humgongea, naye huinuka akaenda mbali mpaka aitwe tena. Hivyo walifanya waliokutangulia, na ndiyo maana wanawake wale waliimba walivyoimba: walijua kwamba mwenye masikio ameondoka. Wewe uliondoka, masikio ukayaacha mezani yakiwa yamewashwa. Ukarudi asubuhi ukasikiliza, na badala ya kufuta, ukampa rafiki yako mwenye duka la kanda. Uliniambia ulimpa "asikie tu jinsi sauti ilivyotoka safi". Alisikia, akanakili.

Sasa nije kwenye fungu langu, kwa kuwa sitaki kukuhukumu nikiwa nimejificha. Mashine hizo nilizichagua mimi. Uliniandikia kwamba sindano ya santuri inaruka kila wanawake wakikaza kucheza, kwamba sahani zako zinapinda kwa jua, na kwamba vijana wanaokuita dijei wanakucheka kwa mvumo wa kanda zako. Nilizunguka maduka ya Ruwi Alhamisi tatu. Nikakuchagulia ile ya sahani ndogo zinazosomwa kwa mwali wa mwanga, kisha kisanduku cha kuchanganyia sauti, halafu, kwa hiari yangu, bila wewe kuniomba, ile mashine ya kurekodi ya dijitali yenye kanda ndogo kama kiberiti. Muuzaji alinakili wimbo mmoja, akanakili nakala, akainakili na hiyo tena, akanisikilizisha ya mwisho. Haikutofautiana na ya kwanza hata kwa pumzi. Nilistaajabu kama mtoto. Nikafikiri: hii ndiyo itakayomtoa ndugu yangu katika dharau.

Nikafanya zaidi. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza na Kijapani, nikakaa siku mbili nikakuandikia kwa Kiswahili, kurasa nne, na katika ukurasa wa tatu, kwa mkono wangu, niliandika: "Mashine ya kurekodi iache iwake tangu mwanzo hadi mwisho." Nilikusudia kesho yake ujisikilize, ujue ni wapi ulipokosea kuunganisha wimbo na wimbo. Mimi niliyekulia katika vyumba vile, ninayejua vizuri mlango hugongwa wakati gani na kwa nini, sikuongeza sentensi moja ya kusema: wakikutoa, izime kwanza. Nilifikiria vumbi, umeme unaokatika na chumvi ya hewa ya Malindi. Wanawake sikuwafikiria.

Kwa ile mashine yako ya zamani, nakala ya nakala ingekuwa mvumo mtupu, na shangazi angekuwa bibi yeyote wa pwani yetu kabla kanda haijafika Mombasa. Hii iliyofika Maskati inasikika mpaka anavyovuta pumzi kati ya beti. Kwa hiyo nikikukasirikia, nusu ya hasira inanirudia. Hata hivyo nusu yako inabaki. Mimi niliandika sentensi pungufu. Wewe ulisikiliza, ukamjua ni nani, ukatoa.

Ijumaa nilizungumza na shangazi mwenyewe kwa simu, alipokuja hapo Shella kumtazama Amina. Wasichana wa chuo chake wamebaki wanne.

"Wazazi wanasemaje?" nikamwuliza.

"Hawasemi. Wananiamkia shikamoo vizuri tu, kisha mtoto haji."

"Na Swaleh amekuja kwako?"

"Yule? Tangu hapo akiniona njiani huwa amesahau kitu sokoni, hurudi mbio."

Alicheka kidogo, nami nikashindwa kucheka naye. Mwanamke huyu hana kazi nyingine, Swaleh, wala hajapata kuitaka nyingine. Miaka yote hii baraza ile ndiyo heshima yake. Wanaume walioishika kanda ile wakaifurahia ndio hao hao wanaomwona hafai kuwafundisha binti zao, na hakuna mmoja wao aliyejiuliza yeye mwenyewe alikuwa na haki gani ya kuisikia. Mafunzo yale ya unyumba kwa bi harusi ni kazi aliyopewa na wanawake wa mji, kama alivyopewa ile ya chuo. Kila moja ina mlango wake. Wewe ndiye uliyeufungua mmoja ukaacha watu wamlaumu aliyekuwa ndani.

Ninalotaka ni hili. Uende Mambrui mwenyewe, usitume mtu, umpe shangazi ile kanda ya asili mkononi. Uende dukani kwa rafiki yako ukatoe zilizobaki. Kisha uwaendee wazazi wa wasichana wale mlango kwa mlango, uwaambie kwa mdomo wako kwamba aliimba ndani, mlango umefungwa, baada ya wewe kutolewa, na kwamba aliyevunja sitara ni wewe. Useme pia kwamba aliyekununulia mashine na kukuandikia namna ya kuitumia ni dada yako aliyesoma. Utaona haya, najua. Shangazi anaona haya kila asubuhi akikunja mikeka isiyokaliwa.

Nilikuwa nimekusudia kuongeza: akishaipokea, aifute mbele yako. Sikuweza. Kabla ya simu kukatika aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sauti yangu ikoje humo? Mimi sijapata kujisikia." Kumbuka nilipokuwa Chuo Kikuu Nairobi nilimwomba aniimbie beti zile, za bibi yetu na bibi yake, niziandike katika tasnifu yangu. Alikataa. Alisema hizo haziandikwi, nami nikaheshimu, nikachagua mada nyingine ambayo sikuipenda. Sasa beti zote zimo katika droo yangu, timamu, kwa mpangilio wake, na tangu Jumanne ile nimezisikiliza mara sita. Najiambia nina haki kwa kuwa ni mwanamke na ni mtoto wake. Lakini hata mimi sikualikwa katika chumba kile. Niliingia kwa mlango ule ule waliopitia wanaume wa dukani. Ndiyo sababu lile swali langu la mwanzo siwezi kulijibu. Anayelihukumu lazima awe hakufaidika, na mimi nimefaidika. Kama kanda ifutwe au ihifadhiwe, aamue yeye Rukia, na wewe usimshauri.

Mpe mkono wifi yangu Amina, na mwambie dawa ya mguu ameichukua jirani yangu anayesafiri wiki ijayo. Wabusu watoto wote wawili. Ami yetu wa Tezo mfikishie shikamoo yangu, na umwombe asiniulizie habari za kuolewa katika kila barua. Na shangazi, ukifika kwake, mpe salamu zangu za heshima, ila usimwambie kwamba nami nimeisikiliza. Hilo nitamwambia mwenyewe, nikishapata ujasiri ninaokudai wewe.

Dada yako akupendaye hata katika hasira,
Zuhura