Klorini Niliyoifundisha Vibaya

Jumatatu, 3 Machi
Benzini tena, ile pete ya kaboni sita, darasa la mwisho. Kundi la nitro linavuta elektroni kutoka kwenye pete, kwa hiyo kundi jipya linakwenda nafasi ya meta, kaboni ya tatu. Hidroksili inaziongeza: orto na para, kaboni ya pili na ya nne. Klorini nayo inavuta. Nikaandika meta.

Neema akasimama. Msichana wa Uvira, ng’ambo ya mpaka, anaishi kwa shangazi yake hapa Kamenge.

“Apana, Mwalimu. Klorini inavuta, lakini inarudisha pia. Iko na elektroni zake za pembeni. Ni orto na para.”

Darasa likacheka. Nikamwambia, “Kaa chini. Siku ukiwa mwalimu utafundisha.”

Akakaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua kitabu. Neema alisema kweli. Klorini inapunguza elektroni za pete nzima, ila zile inazorudisha zinaelekea orto na para. Miaka yote hii ninafundisha uongo. Aibu. Kesho nitasahihisha.

Alhamisi, 6 Machi
Sikusahihisha. Mkuu wa shule alikuja kukagua, akaketi nyuma. Niliogopa. Nikaendelea na somo jipya.

Ijumaa, 14 Machi
Mtihani, umetungwa nje ya shule. Wa kwanza ndiye atakayepata nafasi yetu pekee ya mafunzo ya maabara. Swali la nne: klorobenzini. Nami sikuwa nimesahihisha.

Jumatatu, 24 Machi
Matokeo. Neema wa pili. Amepitwa kwa alama moja tu.

Nimetafuta karatasi yake. Swali la nne aliandika “orto na para”. Akakata kwa mstari mmoja. Juu yake: “meta”.

Nimekaa ofisini mpaka wote wakaondoka.

Jumanne, 25 Machi
Nimemweleza mkuu kila kitu. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. “Orodha ya mafunzo imeshakwenda, Mwalimu.” Basi.

Darasani nikafuta ubao, nikaandika klorini upya, orto na para, nikasema kosa ni langu. Hakuna aliyecheka. Neema hakuwepo.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimekwenda kwa shangazi yake. Neema alikuwa anachagua maharage. Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama.

“Nilijua jibu, Mwalimu. Niliogopa tu mutakasirika tena.”

Nikamwambia hata mimi niliogopa, tena mimi ni mtu mzima.

Akasogeza sinia kidogo, nikapata pa kukaa. Tukachagua maharage mpaka yakaisha.