Sura Isiyomo Kitabuni

Troyan, 21 Septemba

Dada yangu mpendwa Rumyana,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Pilipili hoho zimekubali mwaka huu, na mji mzima unanuka moshi wa kuzichoma.

Uliniuliza habari za chama changu cha wasomaji. Dada, kilikuwa mahututi. Kila Alhamisi tulikaa maktaba, mikono magotini, kama tunasubiri daktari wa meno. Nikiuliza kitabu kimewagusaje, Pavlina wa duka la dawa anasema ni kizuri. Bwana Kamen, mstaafu wa reli, anasema naye ameona hivyohivyo. Bibi Stoyna anatazama saa. Mwenyekiti wa jumba la utamaduni lenye maktaba hiyo akanionya kwamba tukiendelea hivyo, chumba watapewa wacheza ngoma waweke mavazi yao. Niliumia, maana tangu mama afariki, ni hizo Alhamisi tu zinazonitoa nyumbani.

Basi juzi nikawahamishia uani kwangu, kila mtu na kisu chake na beseni la hoho zilizochomwa, za kumenya na kuhifadhi kwenye chupa. Unajua Septemba hakuna anayekaa bure huku bila kujiona mvivu. Mikono ilipopata kazi, ndimi zikalegea, lakini wakawa wanaongea siki na vifuniko vya chupa. Kitabu hakikutajwa. Nilipokata tamaa nikaropoka: mnaionaje ile sura ya karibu na mwisho, mdogo mtu anapoficha daftari la marehemu mama yao na kumwambia dada yake limepotea?

Sura hiyo haimo. Niliitunga palepale. Lakini nani angekiri kwamba hakufika huko? Pavlina alianza: "Yule ni mwizi tu, tena wa mali ya marehemu!" Kamen akamrukia, kwamba mdogo ndiye aliyemuuguza mama miaka minne, huyo mkubwa alikuwa wapi? Pavlina akamwambia, "Kuuguza ni kuuguza, baba, si kurithi!" Kamen akaapa ameisoma sura ile mara mbili, na mara zote mbili alilia. Nilicheka hadi machozi, nikasingizia moshi. Mwenyekiti alikuwa anapita tu; akavuta kiti, akatoa maoni yake, naye pia hajasoma. Habari za kutunyang'anya chumba hazikusikika tena.

Bibi Stoyna aliendelea kumenya mpaka mabeseni yakaisha. Kisha akasema, bila kuinua macho: "Daftari si kitu. Huyo binti anaogopa kujua nani alipendwa zaidi." Nikajikata kidole.

Rumyana, daftari la mama halikupotea siku ya mazishi. Nililificha kabatini chini ya mashuka. Ukurasa wa kwanza ameandika "Kwa Rumyana wangu", nami niliyemwosha na kumlisha nikaona wivu, nikakudanganya. Nililisoma lote nikitafuta jina langu. Limejaa kila ukurasa: Zlatina kaleta supu, Zlatina kanuna, Zlatina leo kacheka. Miaka yote minne niliyomuuguza, mama alikuwa anakuandikia habari zangu. Naona haya, dada. Nisamehe. Nimelifunga pamoja na barua hii.

Msalimie sana shemeji, nawe ulitunze hilo goti. Alhamisi tunakutana tena, na wote wananiuliza yule dada mkubwa alijibu nini alipoambiwa ukweli. Nimewaambia sijafika huko.

Ni mimi mdogo wako,
Zlatina