Pombe ya Mfereji

Milimani, juu ya Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa karibu anasikiliza. Kifua chako kimepoa? Mahindi ya hapo Kalenga yamekubali? Mimi mzima wa mwili, ila roho haitulii. Nakaa, nasimama. Barua hii nimeianza mara tatu.

Ulinisomesha nije nisaidie watu, na Serikali ikanipa kazi ya Bwana Maendeleo. Basi Bwana Maendeleo huyu ana kijiji ambacho akina mama wanashuka korongoni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, hata wajawazito, na huku chemchemi iko juu yao. Nikapima mfereji, nikaitisha mkutano, wote wakasema ndiyo. Siku ya kuchimba nilifika na majembe na sururu, nikakaa nazo peke yangu mpaka jua la utosi. Mara ya pili vilevile. Hasira zetu za Kihehe unazijua, Baba. Niliwaita wavivu mbele ya wazee wao, na mpaka leo naona aibu.

Sasa Bwana Shauri, mkubwa wangu wa wilaya, amesema kazi isipoanza kufikia Jumatano, vyombo vinahamishiwa kijiji kingine.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Mkutanoni nilitangaza, kama ulivyonilea, kwamba kwenye kazi yangu hakuna pombe. Mjane mmoja, Mama Sekela, alinikuta nimekaa na majembe yangu, akatua mtungi.

"Mwanangu, kazi isiyo na pombe hiyo ni ya Serikali, kama ile ya barabara," akaniambia. "Ya kwetu ina mwenyewe. Mwenyewe anapika pombe, anaita watu. Huu mfereji wako, mwenyewe nani?"

Nikauliza kama togwa isiyolevya ingefaa, akacheka mpaka akashika kiuno. Basi nimenunua ulezi, na yeye na wenzake wamepika wiki nzima. Pombe imeiva, na watu wameitwa waje kesho.

Linalonihangaisha ni hili. Kwa desturi ya huku, na hata yetu kabla hujabatizwa, aliyeita watu huonja kwanza mbele yao. Nilimwomba Mama Sekela anionjee, akakataa.

"Aliyeita ni wewe. Mtu akiogopa cha kwake, sisi tunywe vipi?"

Siku ya kipaimara nilikuahidi kwamba pombe haitagusa ulimi wangu. Sijaivunja ahadi hiyo hata shuleni, walipokuwa wananicheka. Ningekuomba ruhusa kwanza, lakini basi la Iringa halitakufikishia barua kabla ya kazi. Naogopa, Baba. Kukuudhi wewe naogopa kuliko kumuudhi Bwana Shauri.

Nisalimie kaka na shemeji, na shangazi mwambie dawa yake ya mguu nimeipata. Mchungaji usimwambie bado, nitamwambia kwa mdomo wangu.

Kesho asubuhi nitaonja, mbele ya watu wote. Ukiona ni lazima uniadhibu, njoo uniadhibie huku huku. Ila ukifika, Mama Sekela atakupa maji, na umwulize kwanza ameyachota wapi.

Ni mimi mwanao,
Yohane