Mhuri Wangu kwenye Kifuniko cha Godoro

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nina hasira. Mimi ni mfasiri niliyekula kiapo, natafsiri Kihispania kwenda Kiingereza, na shemeji yangu, mume wa dada, anaagiza vitambaa vya meza, mapazia ya bafu na vifuniko vya magodoro, na karatasi za maelezo ya bidhaa hizo nazitafsiri mimi na kuzigonga mhuri ndipo maduka yapokee mzigo. Kiwanda kinachozitengeneza kinatenganisha wazi, "impermeable" maji hayapiti kabisa, "repelente al agua" maji yanateleza tu, yakikaa yanapenya, nami niliandika hivyo hivyo kwa Kiingereza. Sasa mzigo ulipochelewa akaniambia, "Shemeji, nigongee mhuri kurasa tupu, maneno yako nitachapa mwenyewe," nikamgongea kumi, mtu wa nyumbani utamkataliaje, kumbe akachapa kwamba vyote havipitishi hata tone! Shangazi yetu akanunua kifuniko kimoja cha godoro kwa ajili ya mumewe aliyepooza, akaamini kwa kuuona mhuri wangu, mkojo ukapenya godoroni siku nyingi bila yeye kujua, mpaka mzee akatoka vidonda mgongoni. Maduka yamelalamika, na shemeji anataka nisaini barua kwamba nilikosea kutafsiri. Dada analia, "Usinivunjie nyumba." Nisaini?

Mfasiri Mwenye Uchungu

Usisaini! Shemeji yako hana haya hata chembe: kachapa uongo, na sasa anatafuta wa kumbebesha.

Lakini nawe usininunie nikikwambia ukweli. Mhuri kwenye karatasi tupu? Mtu mzima uliyekula kiapo, unampa mwenzio aujaze apendavyo kwa sababu kamwoa dada yako? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Pole, ila ulijitakia.

Kama kuna kurasa tupu zilizobaki, kazichukue leo, uzichane mbele yake. Dada mwambie aliyechapa ni mumewe, si wewe. Kisha nenda kwa shangazi, tena kwa miguu yako, simu hapana. Msaidie kumgeuza mzee, uvione hivyo vidonda, umweleze shangazi yote pamoja na hizo kurasa kumi. Akikufukuza, toka kimya.

Ukitoka hapo pitia kila duka na tafsiri yako ya kwanza mkononi. Ndiyo, utaaibika, na huenda ukanyang'anywa mhuri. Nenda hivyo hivyo. Kuna wagonjwa wengine wamelalia vifuniko hivyo sasa hivi, na ndugu zao hawana habari.