Chuma Kisichokuwepo

Saluni, 4 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Baridi ya huko inakuachaje? Mama yako mzima, mguu umepungua uvimbe. Mimi nazidi kuwa kijana, mpaka wateja wananiuliza siri.

Barua yako niliisoma hapa kwa sauti, mteja akisubiri na nusu ya nywele zake. Wengine walitoa macho tu. Mimi niliyenyoa mabaharia wa kila rangi nilielewa palepale. Mnarusha chembe ndogo kuliko vumbi zikagonge shabaha, zinatawanyika kila upande, na kitambuzi chenu kinaona zile zinazokipitia tu. Kwa hiyo unajenga kitambuzi cha kuigiza ndani ya kompyuta, unakirushia chembe za kuigiza, ujue katika kila mia zinakukosa ngapi, kisha unazijumlisha kwenye hesabu ya kweli. Sawasawa? Hata mimi kisogo cha mteja sikioni kwenye kioo, lakini najua kina nywele.

Na sasa huko pembeni kabisa umepata nyingi kuliko wataalamu wote walivyotarajia! Mwisho wa Mei utasimama mbele ya wakubwa uwaambie. Mtaa mzima nimeshautangazia. Muuza viatu alibisha, nimekataa kumnyoa.

Ni mimi, mjomba wako wa pekee


21 Aprili

Shikamoo mjomba,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mwili wangu mzima, moyo ndio hauko sawa. Hii usimsomee mtu, tafadhali.

Jana nilishuka ukumbini kilipo kitambuzi chenyewe. Muda wote huu nimekuwa nakitazama kwenye kompyuta tu, kwa ramani niliyoachiwa na mwanafunzi aliyenitangulia. Kwenye ramani, pembeni kuna chuma kinene kinachoshikilia bamba la kitambuzi, na chembe nyingi hukwama humo. Nikapeleka mkono nikiguse. Mkono ukapita hewani. Fundi akacheka: "Kile? Tulikitoa kabla hata majaribio hayajaanza. Kilikuwa kinaziba."

Unaona, mjomba? Kompyuta yangu ilidhani chembe zinakwama kwenye chuma, nami nikawa naziongeza. Kumbe hazikukwama, zilikuwa zimeshahesabiwa. Ule wingi nimeutengeneza mimi.

Mwalimu wangu ameshaalika watu. Fundi hajui alichoniambia kina uzito gani. Nikinyamaza, huenda isijulikane kwa miaka. Nikisema, mkataba wangu unaisha Juni, nani ataniongezea? Nifanyeje?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Sisi wazima, salamu nazifupisha.

Wazo langu la kwanza lilikuwa umwambie fundi akirudishe hicho chuma kimyakimya, mambo yaishe. Nikajiona bingwa. Nikapaka mteja sabuni, nikafika kwenye kidevu, ndipo nikakumbuka chembe zenu zilishapita zamani. Basi.

La pili: sema. Sema kabla ya mkutano. Ukinyamaza, kila atakayekupa mkono wa pongezi atakuwa anakufinya. Sitaki uishi huko ukikwepa mafundi wanaocheka. Wakikutoa, rudi. Chumba cha nyuma kipo, na mimi nitatafuta jambo jingine la kujisifia, sijawahi kulikosa.

Mtaa usikuumize kichwa. Muuza viatu nimemwita mwenyewe, nikamwambia alikuwa na haki ya kubisha. Nusura nizimie. Nikamnyoa, akaringa kwenye kile kiti kama mfalme, nikavumilia.

Mjomba wako


17 Juni

Mpwa wangu, upo?

Mama yako anaulizia barua. Namwambia posta wamegoma. Sijui hata kama ni kweli. Niandikie hata mstari mmoja. Na kama ulinyamaza, niandikie vilevile. Sitakuuliza.

Mjomba


29 Juni

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa kimya. Sikujua nianzie wapi. Mama mpe pole nyingi.

Nilisema. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Nionyeshe." Tukashuka wote wawili, naye akapitisha mkono wake hewani, mara mbili, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Siku ya mkutano nikasimama nikawaambia pembeni hakuna cha ajabu, chembe ziko kama zilivyotarajiwa, na nikaeleza nilivyokosea. Kisha nikarudi kukaa.

Mkataba haukuongezwa. Mwalimu anasema si adhabu. Kazi iliyopangwa kuufuata ule wingi imekufa pamoja nao. Namwamini nusu. Lakini jana aliniita, akanipa barua ya kunitambulisha kwa maabara nyingine. Nilitegemea kurasa. Ameandika mstari mmoja: "Huyu hushuka kuangalia kwa macho yake." Nilitoka nikalia ngazini, mjomba, na si kwa uchungu.

Hao wa maabara nyingine watanijibu Septemba. Mimi nafika katikati ya Julai, na mabegi mawili. Njoo unipokee, lakini njoo peke yako. Nakuomba sana, peke yako.

Mpwa wako