Sinki Dogo la Mboga

Jeni, upo? Usipige, mtoto kalala mapajani.

Fundi alikuja kupima pa kuweka lile sinki dogo la kuoshea mboga. Mume wangu Mudi akamwambia, "Acha kwanza. Kuna jiko la pili linakuja."

Jeni, mimi nikafurahi! Nikamuuliza, "Litakuwa na masinki mangapi?"

Nilidhani ananijengea.

Mama mkwe akainamisha kichwa. "Mwanangu, Mudi anasema mke. Huyo mke yuko Kidodi."

Masinki mangapi. Nimeuliza masinki mangapi, mbele ya fundi.

Wala sijalia. Mchicha bado uko kwenye beseni.

Baadaye fundi akauliza taratibu, "Dada, sasa niweke au nisiweke?"

Nikamwambia weka. Jiko la hapa ni mimi.