Kisu cha Mjomba Nasoro

Mama wangu, amahoro kutoka Minago.

Tangu mama mkwe, Mbelgiji wa watu, asikie mjomba Nasoro ni shehe na anagombea baraza la komine ya huku, kutwa ananiuliza kama akishinda atatufunika vichwa. Jana jirani yetu Mkristo, Baba Deo, alikuwa anaoza binti. Mjomba akatokea na ndevu zake, kanzu na kisu kirefu. Mama mkwe akanikamata mkono. Baba Deo akamkimbilia mjomba: "Murakoze kuja, Shehe! Mbuzi iko inakungoja. Uchinje wewe, ndipo tule wote."

Tukala. Mama mkwe, midomo inang'aa mawese, akaninong'oneza: "Kwetu televisheni huonyesha kisu tu. Sahani haionyeshi."

Tukirudi Bujumbura mpikie mama mkwe pilau lako, Mama. Huyu sasa ni wetu.

Nakubusu mikono,
Zuhura